Mgeni wa Saa Nane Usiku

Kiongezi cha kwanza nilichompachikia shangazi Zdenka
kilikuwa cha kuhesabu tu:
kijialama cha kijani pembeni mwa kivinjari
na juu yake tarakimu, kama bei kwenye kikopo cha asali.
Sasa hivi, wageni sita.
Akavaa miwani, akasogea. Sita!
Na viti ninavyo vinne.

Nje theluji ya Radovljica ilikuwa imeikalia mizinga,
nyuki wamejikunyata ndani, wanakula akiba.

Cha pili kilisema mgeni katoka wapi.
Graz wawili. Trieste mmoja.
Mtu wa Osaka, aliyeingia kwa kupotea
akatoka kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.
Zamani, nikamweleza, ungeomba nywila,
ungepita majedwali, grafu zinazopanda na kushuka
kama homa ya mtoto.
Siku hizi unafungua tovuti yako mwenyewe
na hesabu inakukuta hapohapo ulipokaa.

Nilirudi Februari na cha tatu,
nacho ndicho kilichonitia mashaka.
Hicho hupaka rangi mahali watu wanapobonyeza:
samawati pakipoa, nyekundu pakizidi.
Kitufe cha kununua, samawati.
Bei, samawati. Anwani, samawati.
Lakini ukurasa wa historia yetu, ule asiousoma mtu,
ulikuwa na doa jekundu kama kaa
juu ya picha ya marehemu Bogomir,
picha isiyo na kiungo, isiyokupeleka popote,
palepale mkono wake ulipoishika fremu ya masega.

Mgeni mmoja. Saa nane usiku, kila usiku.
Dakika kumi na moja. Mibonyezo thelathini.
Hanunui.

“Huyo namjua,” shangazi akasema, anamenya tufaha.
“Jina silijui, lakini namjua.
Nikikosa usingizi nashuka kumtazama Bogomir kidogo,
na kila nikifika namba inasema: mmoja.
Nina mwenzangu, Jerneja. Saa ileile.
Sasa nimezoea. Hata taa siwashi.”

Neno lilinifika ulimini, nikalimeza na kipande cha tufaha.

Kipo kiongezi cha nne.
Kazi yake kumwondoa mwenye nyumba
katika hesabu ya wageni wake.
Mtu wa kazi yangu huanza na hicho; mimi nilikisahau.
Alipotoka kuchukua kuni
nikakiweka, nikatia alama ya vema,
nikafunga kompyuta kwa viganja viwili, taratibu,
kama mtu anayeogopa kuamsha.

Basini nilijisifu: takwimu sasa ni safi.
Ikapita Kranj, na mataa yake.
Takwimu safi, nikarudia,
na abiria wa mbele akageuka kunitazama.

Usiku ule, Ljubljana, saa nane kasorobo,
mashine ya kufulia ya jirani ikizunguka ukutani,
nikafungua ukurasa wa historia yetu.
Bogomir. Kofia bila wavu. Nyuki mmoja kwenye ukosi
ambaye sikuwahi kumwona, na picha nilipiga mimi.
Nikaubonyeza ule mkono, kujaribu tu.
Haukunipeleka popote.
Nikabonyeza tena.

Asubuhi simu ikalia, uji bado uko jikoni.
“Jerneja! Yule mgeni wetu jana nimemkuta.
Ila kahama.
Kile kidude chako cha pili kinasema yuko huko kwenu.”

Mganga hajigangi:
kompyuta ya mwenzangu nimeiondoa kwenye hesabu,
yangu nimeiacha mlango wazi.

“Kahama na baridi yote hii,” akasema,
nami nikasikia kisu chake kikigonga kibao.
“Miezi yote hajanunua hata kikopo kimoja.
Ukikutana naye, mwambie cha kwanza ni bure.”